Ukubwa wa Mbwa ni Kazi Yake

Mbwa hana jina zuri katika lugha yetu. Mtu akitaka kumdhalilisha mwenziwe humwita mbwa, na kijana arandaye mitaani bila ya shughuli huambiwa kuwa ni mbwa koko. Hata katika nyumba ambazo mbwa hukesha mlangoni usiku kucha, asubuhi hufukuzwa barazani kwa fimbo, akatupiwa mfupa mkavu, na hapana amkumbukaye mpaka giza liingie tena.

Hata hivyo wapo watu duniani waliotumia sehemu kubwa ya umri wao katika kumzalisha, kumlea na kumtetea mbwa wa aina moja tu. Miongoni mwa mbwa waliopendwa hivyo, wachache wamewashika watu roho kama mbwa mkubwa wa wachungaji wa Anatolia, nchini Uturuki. Wapo waliompenda kwa umbo lake, wapo waliompenda kwa ukali wake, na wapo waliompenda kwa kazi yake. Mapenzi hayo matatu yamemfikisha mbwa huyo mahali mbalimbali, na matokeo yake hayafanani hata kidogo. Makala haya yanakusudia kuonyesha tofauti hiyo, kwani inawahusu wafugaji wa Afrika, na inawahusu pia wanyama wa porini ambao bara letu linajivunia.

Nyumbani kwake

Katikati ya Uturuki kuna nyanda za juu zilizo kavu, zenye jua kali wakati wa kiangazi na theluji nzito wakati wa baridi. Huko ndiko liliko jimbo la Sivas, na ndani ya jimbo hilo imo wilaya ya Kangal, ambayo jina lake limekuwa jina la mbwa. Wakazi wake wamefuga kondoo tangu zama za mababu zao, na tangu zama hizo wamekuwa na adui mmoja ambaye hawakupata kumshinda kabisa, naye ni mbwa mwitu wa nchi za baridi, mnyama mkubwa na mzito kuliko mbwa mwitu wa nyika zetu, ambaye huweza kuingia zizini usiku mmoja akaua kondoo wengi kuliko anaoweza kuwala.

Kangal aliumbika kwa ajili ya adui huyo. Dume lililokomaa husimama kiasi cha sentimita 70 hadi 80 kutoka ardhini mpaka begani, na uzito wake hufikia kilo 50 hadi 60, au hata zaidi. Rangi yake ni ya mchanga au ya kijivu, uso na masikio ni meusi, na mkia hujikunja juu ya mgongo. Kwa sababu ya weusi huo Waturuki humwita pia Karabash, maana yake kichwa cheusi. Shingoni huvishwa mkanda wa chuma wenye miiba mirefu iliyoelekea nje. Mgeni akiuona hudhani kuwa ni pambo la kutisha watu. Kumbe mbwa mwitu apiganapo hutafuta koo la mwenziwe, na miiba ile humzuia asilipate.

Chakula chake cha asili si cha kitajiri. Wachungaji humpikia unga wa shayiri ukachanganywa na maji au na masalio ya maziwa, kama vile wafugaji wa kwetu wanavyowapa mbwa wao makombo ya ugali. Wala halali ndani ya nyumba. Watu wa Anatolia wengi wao ni Waislamu, na kama walivyo Waislamu wa pwani ya Afrika ya Mashariki, huchukizwa na mbwa kuingia penye mkeka wa kusalia. Lakini mafundisho ya dini yamemruhusu mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo na wa kulinda shamba. Kangal basi anayo nafasi yake inayojulikana: yuko nje, pamoja na kondoo, na heshima yake hutokana na kule kuwa nje.

Lililo muhimu zaidi ni kwamba mchungaji wa Sivas, ingawa hakupata kusoma elimu ya uzazi wa wanyama, alikuwa mzalishaji hodari. Mbwa aliyemng'ata kondoo hakuachwa azae. Mbwa aliyekimbia mbele ya mbwa mwitu hakuachwa azae. Aliyelala penye joto huku kundi likitawanyika, huyo naye hakuwa na thamani. Kwa karne nyingi majira ya baridi, adui na fimbo ya mchungaji vilichagua nani awe baba na nani awe mama. Ukubwa ulibaki kwa sababu ulifaa. Haukutafutwa kwa ajili yake wenyewe.

Ughaibuni

Mwaka 1965 msomi mmoja wa mambo ya kale kutoka Uingereza, Charmian Hussey, alipeleka nchini kwake mbwa wawili wa Anatolia, dume na jike. Miaka michache baadaye ofisa wa jeshi la majini la Marekani, Robert Ballard, ambaye alikuwa kazini Uturuki, alirudi kwao na mbwa wawili wengine. Hao walizaa huko Marekani mwaka 1970, na mwaka huo huo chama cha wapenzi wa mbwa hao kikaundwa.

Hapo ndipo mbwa wa mchungaji alipoingia katika ulimwengu mwingine kabisa, ulimwengu wa vitabu vya nasaba na maonyesho ya mbwa. Mara ugomvi ukazuka. Wengine walisema kuwa mbwa wote wakubwa wa Anatolia ni wa jamii moja, wawe wa rangi ya mchanga, weupe au wa mabaka. Wengine, na Waturuki wengi wamo upande huu, walisema kuwa Kangal ni aina ya pekee, na kwamba kumchanganya na mbwa weupe waitwao Akbash, au na wengine wowote, ni kuiharibu mbegu iliyotunzwa na wazee. Ugomvi huo haujapata kwisha. Uturuki yenyewe imemfanya Kangal kuwa fahari ya taifa, na imeweka vizuizi juu ya kumtoa nje ya nchi.

Msomaji asiwacheke watu wanaogombana kwa ajili ya rangi ya mbwa. Anayeijua mifugo ya Ankole anafahamu jinsi mwenye ng'ombe anavyoweza kuzungumza saa nzima juu ya mkunjo wa pembe na rangi ya ngozi. Kupenda umbo la mnyama ni tabia ya kibinadamu, na bila ya mapenzi hayo mbegu nyingi nzuri zingalikwisha kupotea. Mzalishaji wa kweli huamka usiku kumsaidia jike anayezaa, huandika siku ya kuzaliwa ya kila mtoto, huwapima uzito, hukumbuka majina ya mababu wa mbwa wake kama mtu akumbukavyo ukoo wake mwenyewe. Kazi hiyo humgharimu fedha, na aghalabu haimrudishii faida.

Lakini mapenzi ya umbo yana hatari yake. Mahali ambapo hapana mbwa mwitu wala kundi, ni kitu gani kitakachomchagua baba na mama? Hubaki jicho la mwamuzi wa maonyesho, au tamaa ya mnunuzi. Na mnunuzi, hasa wa mjini, hutaka mbwa mkubwa kuliko wa jirani. Mzalishaji mwenye haraka humpa akitakacho: kichwa kizito zaidi, kilo nyingi zaidi. Ndipo hutokea mbwa ambao viungo vya nyonga haviwezi kuubeba mwili, na ambao hushindwa kutembea kwa siku moja mwendo ambao babu zao waliutembea kila siku.

Tamaa ya ukali ni mbaya zaidi. Kangal na ndugu zake wametumiwa katika mapigano ya mbwa, huku watu wakishangilia na kuweka dau. Wengine wamefungiwa katika ua mwembamba, hawakujua kondoo wala watoto wa watu, wakakua na hofu na hasira, mpaka siku moja wakamwumiza mpita njia. Mwaka 2010 Denmark ilipiga marufuku aina kumi na tatu za mbwa kwa kuwahesabu kuwa ni wa hatari, na Kangal alikuwamo katika orodha hiyo. Mbwa yule yule ambaye huko Sivas hulala katikati ya wana-kondoo bila ya kuwadhuru, Denmark alitajwa pamoja na mbwa waliozalishwa kwa ajili ya kupigana. Mbegu ni moja. Kilichobadilika ni malezi na kazi.

Siri ya malezi

Ilitokea kwamba katika miaka ile ile ambayo mbwa wa Anatolia walikuwa wakitembezwa katika maonyesho, wafugaji wa kondoo wa Marekani waliingia katika shida. Kwa muda mrefu walikuwa wakiwaua wanyama wala nyama kwa kutega sumu. Mwaka 1972 Rais Nixon alikataza matumizi ya sumu hiyo katika ardhi ya serikali kuu, kwa sababu iliwaua pia ndege na wanyama wasiokusudiwa. Ikawa lazima kutafutwe njia nyingine.

Raymond Coppinger, mwalimu wa elimu ya viumbe katika Chuo cha Hampshire katika jimbo la Massachusetts, pamoja na mkewe Lorna, walifikiri juu ya njia ya kale. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 walileta mbwa wa wachungaji kutoka Italia, Yugoslavia na Uturuki, wakawagawa kwa wafugaji, kisha wakawachunguza kwa miaka mingi. Walitaka kujua ni nini hasa kimfanyacho mbwa alinde kondoo badala ya kumla.

Waliyoyaona yanaweza kuelezwa kwa methali tuliyo nayo tayari: umleavyo ndivyo akuavyo. Mtoto wa mbwa ana majira mafupi, majuma kumi na sita hivi ya mwanzo wa maisha yake, ambamo hujifunza ni nani jamaa zake. Akikaa na watu tu, watu watakuwa jamaa zake. Akikaa na mbwa tu, atawafuata mbwa. Akiwekwa zizini angali mdogo, akalala penye mbuzi, akanusa harufu yao na kulambwa na kusukumwa nao, basi mbuzi watakuwa watu wake hata mwisho wa maisha yake. Hafundishwi kulinda kwa amri wala kwa mapigo. Anaishi na wenzake, na anapoona jambo geni likiwakaribia husimama mbele yao na kubweka.

Coppinger alisema kuwa mbwa wa namna hiyo hutakiwa awe na mambo matatu: awe mwangalifu kwa kundi, asiachane nalo, awe mwaminifu, asilidhuru, na awe mlinzi, amkabili adui. Msomaji ataona kuwa katika mambo hayo hakuna kilo wala sentimita. Ukubwa husaidia katika lile la tatu tu, na hata hapo aghalabu hauhitaji kutumika. Mnyama mwindaji hupima faida na hasara. Akisikia sauti nzito na kuona mwili mkubwa ukimjia, mara nyingi huona afadhali aende kutafuta chakula kwingine.

Duma wa Namibia

Njia hiyo iliyofufuliwa Marekani ilifika Afrika kwa mkono wa mwanamke ambaye mapenzi yake ya kwanza hayakuwa ya mbwa. Laurie Marker alianza kazi katika bustani moja ya wanyama huko Oregon mwaka 1974, akamlea duma jike aliyemwita Khayam. Mwaka 1977 alikwenda pamoja naye katika nchi ambayo wakati huo ilikuwa bado inatawaliwa na Afrika ya Kusini na ikiitwa Afrika ya Kusini-Magharibi. Alitaka kujua kama duma aliyelelewa na watu anaweza kufundishwa kuwinda. Huko alikutana na jambo lililombadilisha: wafugaji walikuwa wakiwaua duma kwa wingi, kama watu wanavyoua panya ghalani.

Sababu yao haikuwa ngumu kueleweka. Duma walio wengi wa Namibia hawaishi katika hifadhi, kwani humo simba na fisi huwanyang'anya windo na kuwaua watoto wao. Huishi katika mashamba ya mifugo. Mfugaji alipopoteza mbuzi au ndama, alimhesabu duma kuwa mwizi, hata pale ambapo mwizi alikuwa mnyama mwingine. Tena kumkamata hakukuwa na taabu. Duma wana miti yao mahsusi ambayo huipitia mara kwa mara kupanda na kuacha harufu. Mfugaji aliuzungushia mti huo boma la miiba, akaacha mlango mmoja, na mlangoni akaweka mtego wa sanduku. Mmoja baada ya mwingine, waliingia. Katika miaka ya 1980 hesabu ya duma wa nchi hiyo ilipungua karibu kwa nusu.

Mwaka 1990, mwaka ambao Namibia ilipata uhuru wake, Marker alianzisha mfuko wa kuwahifadhi duma, ambao makao yake yako karibu na mji wa Otjiwarongo. Alianza kwa kwenda shamba kwa shamba, akiuliza na kusikiliza. Aliloliona ni kwamba mfugaji hawezi kuambiwa ampende duma hali mbuzi wake wanaliwa. Kwanza mbuzi wapone. Ndipo mwaka 1994 mbwa wa kwanza wa Anatolia walipoletwa kutoka Marekani, na mwanamke aliyempenda duma akawa mzalishaji wa mbwa.

Shabaha yake ilikuwa sawa na ile ya mchungaji wa Sivas. Watoto wa mbwa huzaliwa penye zizi, hukua pamoja na mbuzi, na wanapofikia majuma manane au zaidi kidogo hukabidhiwa wafugaji. Hawauzwi kwa kila ajaye na fedha. Mfugaji huangaliwa kwanza: je, ana kundi la mbuzi au kondoo, ana mchungaji, anaweza kumlisha mbwa na kumpatia chanjo? Baada ya kukabidhiwa, hutembelewa, na mbwa akionekana amekonda au ameachwa kuzurura, huweza kuchukuliwa.

Tangu Januari 1994 hata Januari 2002 mbwa 143 waligawiwa kwa njia hiyo, kwa wafugaji wakubwa na kwa wafugaji wa vijijini pia. Wafugaji walipoulizwa, 73 katika kila mia walijibu kuwa hasara yao ilikuwa imepungua sana tangu walipompata mbwa. Kwa mwenye mbuzi elfu hiyo ni nafuu ya mapato. Kwa mama wa kijijini mwenye mbuzi ishirini, ambao ndio karo ya watoto na dawa ya mgonjwa, nafuu hiyo ni maisha.

Na duma? Mnyama huyo hutegemea mbio zake. Akiumia mguu hawezi kuwinda, na asipowinda hufa. Kwa hiyo haoni faida ya kupigana na mbwa mwenye kilo hamsini, naye huondoka. Mfugaji ambaye mbuzi wake wako salama hana haja ya kutega sanduku penye mti. Hivyo mbwa humlinda mbuzi dhidi ya duma, na kwa kufanya hivyo humlinda duma dhidi ya bunduki. Katika dunia nzima, makadirio ya wataalamu yaliyotolewa mwaka 2016 yalisema kuwa duma waliobaki porini walikuwa kiasi cha 7,100 tu. Kila shamba ambalo mtego hautegwi lina uzito katika hesabu hiyo.

Hasara nazo zitajwe

Ingekuwa udanganyifu kuishia hapo. Mbwa wa Anatolia si dawa ya kila ugonjwa, na wanaompenda kweli ndio walio wepesi wa kuzitaja kasoro zake.

Miongoni mwa mbwa waliogawiwa Namibia, wapo walioacha kundi wakakimbiza swala, na wapo waliopendelea kubaki nyumbani penye jiko kuliko kufuatana na mbuzi juani. Zaidi ya nusu ya makosa hayo yalirekebishwa kwa mafunzo, lakini mafunzo hutaka subira, na mbwa huyu hakomai akili mpaka afikie umri wa mwaka mmoja na nusu au miwili. Katika ujana wake huweza kucheza na wana-mbuzi kwa nguvu mpaka akawaumiza. Mfugaji asiyeambiwa hayo mapema humwona kuwa ni mbwa mwovu, akamwua.

Wengine hufa kwa ajali, wengine kwa kuumwa na nyoka, na wengine huuawa na chui au nyani. Uchunguzi umeonyesha vilevile kuwa mbwa hao huwaua mbweha wengi wanaokaribia kundi. Basi si kila mnyama wa porini anayepata amani kwa ujio wao. Tena mbwa mkubwa hula sana, na unga unaotiwa chunguni mwake hutoka katika ghala lile lile la watoto.

Kuna swali jingine zito zaidi. Je, ni lazima mbwa huyo atoke Uturuki? Huko Marekani, Wanavajo wamelinda kondoo na mbuzi wao kwa mbwa mchanganyiko wasio na nasaba iliyoandikwa, kwa kuwaweka tu zizini tangu udogoni. Katika Botswana, nchi kavu yenye shida zile zile za Namibia, watafiti waliwalinganisha mbwa wa kienyeji wa Kitswana na mbwa wa mbegu za kigeni. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kuwa mbwa wa kienyeji, ambao ni wadogo, wenye kula kidogo na wenye kulizoea jua na maradhi ya nchi, waliwafaa wafugaji wa huko kuliko wageni hao wenye majina makubwa.

Habari hiyo haimfedheheshi Kangal. Inathibitisha kanuni iliyomwumba. Naye alikuwa mbwa wa kienyeji wa mahali fulani, aliyechaguliwa na mahitaji ya mahali hapo. Penye mbwa mwitu wa theluji kilo sitini zina kazi. Penye mbweha na joto kali yamkini kilo ishirini na tano zatosha. Penye chui, fisi na simba hesabu ni nyingine tena.

Upande wetu

Jambo hili limekwisha kufika Afrika ya Mashariki. Pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha nchini Tanzania wanaishi wafugaji wa Kibarabaig, na ng'ombe na mbuzi wao hukutana na simba, chui, fisi na mbwa mwitu. Mradi wa kuwahifadhi wanyama wala nyama ulioanzishwa huko mwaka 2009 na Amy Dickman, Mwingereza ambaye hapo kwanza alifanya utafiti wa mbwa walinzi wa Namibia pamoja na Marker, uliwapa baadhi ya wafugaji mbwa wa Anatolia kwa majaribio katika miaka ya 2010. Pamoja na hayo ulisaidia kuyaimarisha maboma, kwani usiku ukuta imara hauna mbadala. Mbwa ni mlinzi wa mchana machungani. Hawezi kuwa mchungaji, ua na bunduki kwa wakati mmoja.

Wafugaji wetu wengi wanao mbwa tayari. Hufuatana na watoto machungani, hubweka usiku fisi anaponusa penye boma, na hakuna awahesabuye kuwa ni mali. Hawakuchaguliwa, hawakuchanjwa, na mara nyingi hawashibi. Anayetaka kuanza si lazima aagize mbwa kutoka ng'ambo kwa bei ya ng'ombe kadhaa. Aangalie katika mbwa wa kijiji chake ni jike gani mtulivu, asiyewagusa vifaranga wala wana-mbuzi, tena asiyekimbia fisi. Amchukue mtoto wake anayeanza kula, amlaze penye mbuzi, asimwachie watoto wa nyumbani wamfanye kuwa wa kuchezea, amlishe zizini wala si jikoni, na amvumilie ujanani.

Lakini la kwanza kabisa ni chanjo. Karibu wagonjwa wote wa kichaa cha mbwa duniani huambukizwa na mbwa, na Afrika ni miongoni mwa mabara yanayozika watu wengi kwa ugonjwa huo ambao, dalili zikisha kutokea, hauponi. Mbwa asiyechanjwa ni hatari kwa nyumba ile ile anayoilinda. Na anayezalisha watoto kumi bila ya kujua watakwenda wapi huongeza mbwa koko tu, na kisha watu wa mtaa humlaani mbwa kwa kosa la binadamu.

Hapo ndipo mzalishaji hupimwa. Yule wa maonyesho huulizwa mbwa wake ana kimo gani. Yule anayeuza kwa matajiri wa mjini huulizwa mbwa wake ni mkali kiasi gani. Mchungaji wa Sivas na mwanamke wa Otjiwarongo walijiuliza swali jingine: mtoto huyu akitoka mikononi mwangu, ataishi na nani na atafanya kazi gani? Mapenzi yasiyouliza swali hilo ni fahari ya mwenye mbwa, na gharama yake hulipwa na mbwa.

Kwa mfugaji jibu lake ni jepesi kuhesabika. Jua litakapokuchwa, mbuzi watarudi kutoka machungani, naye atasimama mlangoni mwa zizi akiwahesabu mmoja mmoja. Ikiwa hesabu imetimia, na mbwa wake, awe mkubwa au mdogo, ameingia nyuma ya mbuzi wa mwisho, basi mbwa huyo amestahili unga wake.